Tumelitambua Gari, Mbona Hatumjui Mtu?

Wako watu katika nchi hii ambao ukiwapa picha kuukuu yenye gari ndani yake, hata kama imefifia na kutafunwa pembe na mende, hawachelewi. Wataisogeza karibu na macho, wataigeuza kwenye mwanga, kisha mmoja atasema: hii ni Peugeot 403. Mwenzake atakana: la, hii ni 404, tazama mapezi yake ya nyuma yalivyochongoka. Wa tatu atawaomba wote wawili wanyamaze ili ahesabu matundu ya boneti. Mjadala huo waweza kuendelea jioni nzima, chai ikapoa vikombeni, na mwishowe wakaafikiana si juu ya aina ya gari tu, bali pia juu ya mwaka lilipotoka kiwandani.

Wengi huwacheka watu hawa. Husemwa kwamba huo ni mchezo wa wenye nafasi na fedha, na kwamba nchi yenye barabara mbovu na karo zisizolipika haina haja ya wapenzi wa vyuma vilivyokwisha kushika kutu. Dhihaka hiyo haina msingi. Maarifa waliyo nayo ni elimu halisi, tena ni elimu ambayo walimu wetu wa historia wangeitafuta kwa udi na uvumba kama wangejua thamani yake. Hata hivyo tuna lalamiko juu yao, nalo si dogo. Tutalifikia.

Kwanza tuitazame elimu yenyewe. Gari halibebi cheti cha kuzaliwa usoni, lakini lina alama zake kama alivyo nazo mwanadamu. Chukua Volkswagen ile ndogo yenye mgongo wa kobe, ambayo wazee wetu wengi waliizoea tangu ujana wao. Dirisha lake la nyuma ni kalenda. Likiwa limegawanywa vipande viwili kwa ufito wa katikati, gari hilo lilitengenezwa kabla ya Machi 1953. Likiwa kipande kimoja chenye umbo la yai, ni la baina ya 1953 na 1957. Likiwa pana na lenye kukaribia mstatili, ni la baadaye. Land Rover, iliyoonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1948, hapo mwanzo ilikuwa na taa za mbele zilizojificha nyuma ya wavu wa chuma. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa hizo zikahamishiwa kwenye madigadi. Ford Model T, ambayo zaidi ya milioni 15 zilitengenezwa kati ya 1908 na 1927, ilikuwa na rejeta ya shaba ya manjano iliyong'aa hadi 1916, kisha ikageuzwa kuwa nyeusi. Spoku za mti, kioo cha mbele kilichokatwa katikati, milango inayofunguka kinyume, mkono mdogo unaochomoza ubavuni kuashiria kona: kila kimoja cha vitu hivyo ni shahidi anayeweza kuitwa mahakamani.

Lakini shahidi huhojiwa. Hapa ndipo mwanafunzi anapopaswa kuwa macho, maana mwaka wa gari si mwaka wa picha. Gari lililoundwa 1954 haliwezi kuonekana katika picha ya 1950. Hilo ni yakini. Lakini laweza kabisa kuonekana katika picha ya 1975, na katika nchi yetu ndivyo ilivyokuwa mara nyingi. Motokaa iliyonunuliwa na mzungu wa shambani ilimfikia karani, karani akamuuzia mwalimu, mwalimu akamuuzia mchuuzi, na mchuuzi akaondoa viti vya nyuma akaweka mabao ya kukalia, ikawa matatu. Peugeot 404, iliyozinduliwa 1960, iliendelea kuunganishwa humu Kenya hata baada ya Wafaransa wenyewe kuacha kuitengeneza kwao. Kwa hiyo gari hutupa mpaka wa chini: picha hii haikupigwa kabla ya mwaka fulani. Mpaka wa juu sharti utafutwe kwingine.

Utafutwe wapi? Katika namba ya gari, mathalan. Namba zenye herufi inayofuata tarakimu, kama tuzionazo barabarani leo, zilianza kutolewa mwaka 1989. Utafutwe pia katika majina ya barabara. Kibao kinachosomeka Delamere Avenue ni cha kabla ya barabara hiyo kuitwa Kenyatta Avenue baada ya uhuru. Kinachosomeka Government Road ni cha kabla ya barabara hiyo kuitwa Moi Avenue. Majengo nayo husema, hata yanapokuwa hayamo: picha ya katikati ya jiji la Nairobi ambayo mnara wa mviringo wa Hilton ungepaswa kuonekana lakini hauonekani, ni ya kabla ya hoteli hiyo kufunguliwa 1969. Jumba la mikutano la KICC ni la 1973. Kule Mombasa, zile pembe zilizovuka Barabara ya Kilindini hazikuwako kabla ya miaka ya 1950.

Tuseme basi kwamba mwanafunzi ana picha yenye Volkswagen ya dirisha la yai, na nyuma yake kibao cha Delamere Avenue. Amekwisha kujua kwamba picha hiyo ni ya baina ya 1953 na miaka ya mwanzo ya uhuru. Amefikia hapo kwa kutazama na kufikiri, bila kukaririshwa lolote. Iweje basi tuendelee kulalamika kwamba vijana wanaliona somo la historia kuwa kavu?

Wapenzi wa magari wanajua pia hila za picha, jambo ambalo wasomi wengi hawalijui. Wakiona usukani uko kushoto katika picha inayosemekana kuwa ya Nakuru, hawakimbilii kusema kwamba gari lilitoka Kongo au Ethiopia. Huuliza kwanza kama picha ilichapishwa kinyume, ubavu wa kulia ukawa wa kushoto, na huthibitisha kwa kusoma namba ya gari au vifungo vya koti. Wanajua tena kwamba gari jingine halikuwa gari kamwe. Katika studio nyingi za pwani na bara, mpiga picha alikuwa na turubai lililochorwa motokaa, ndege au jumba la ghorofa, na mteja alisimama mbele yake akiwa amevaa suruali aliyoazimwa. Vilevile, mtu aliyeegemea boneti si lazima awe mwenye gari. Ni familia ngapi leo zinasimulia kwamba babu alikuwa na Ford Zephyr, kumbe babu alikuwa akipita njia siku ya Krismasi akaona mpiga picha na gari la mtu! Hilo halimpunguzii babu heshima. Linatuambia alitaka kuonekanaje, na jambo hilo nalo ni historia.

Sasa tuje kwenye lalamiko.

Mpenzi wa magari akishakujua kwamba picha ina Bedford ya mwaka fulani, yenye injini ya ukubwa fulani, kazi yake huwa imekwisha. Huikunja miwani yake na kuomba picha nyingine. Watu waliosimama kando ya gari, walioketi juu ya mizigo, au waliolala chini yake wakiwa wameshika spana, hawajaulizwa lolote. Mbaya zaidi, siku hizi picha nyingi hupitishwa kutoka simu hadi simu, na anayezipitisha huzipunguza kingo ili gari lionekane vizuri. Wanaokatwa ni wale waliosimama pembeni. Pamoja nao hukatwa muhuri wa studio, tarehe iliyoandikwa kwa mkono na jina la mji. Gari linabaki limeng'aa, peke yake, kana kwamba lilijiendesha.

Si mazoea mapya haya. Mwaka 1907 luteni mmoja Mjerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililoundwa Gaggenau, akafika Swakopmund kwenye bahari ya Atlantiki mwaka 1909. Alikuwa wa kwanza kuivuka Afrika kwa motokaa. Jina lake tunalo, na jina la kiwanda tunalo. Walioivuta motokaa hiyo kwa kamba katika mito na matope ya Tanganyika, katika karibu miaka miwili ya safari, tunao kama migongo tu.

Kisa cha Citroën ni cha ajabu zaidi. Mwaka 1924 kampuni hiyo ya Ufaransa ilituma magari manane yenye minyororo badala ya magurudumu ya nyuma kutoka Algeria kuelekea kusini, chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Walipofika Kampala mwaka 1925 walijigawa makundi manne, na kundi moja likashuka hadi Mombasa. Kila gari lilikuwa na jina lake na nembo yake iliyochorwa ubavuni: Kombamwiko wa Dhahabu, kama tutakavyolitafsiri jina la mdudu yule wa Misri, Hilali ya Fedha, Konokono Mwenye Mabawa, Njiwa, na mengineyo. Walikuwa na mpiga filamu wao na mchoraji wao. Mpenzi yeyote wa magari aliyebobea atakutajia majina yote manane. Mwulize sasa akutajie mmoja tu miongoni mwa watu waliofyeka njia mbele ya magari hayo katika misitu ya Kongo. Chuma kilipewa jina na nembo. Mtu hakupewa hata herufi.

Hapa kwetu Nairobi, katika Kenyatta Avenue kwenye makutano na Koinange Street, umesimama mnara wa kumkumbuka Galton-Fenzi, aliyesafiri kwa gari kutoka Nairobi hadi Mombasa mwaka 1926 wakati ambapo hapakuwa na barabara inayostahili jina hilo. Hatusemi mnara ubomolewe. Mtu huyo alifanya aliyoyafanya. Tunachosema ni kwamba maelfu hupita hapo kila siku, wengi wao wakiwa wanafunzi, na hakuna anayewafundisha kuuliza ni nani aliyejua mahali maji yalipopatikana baina ya Kibwezi na Voi.

Halafu kuna Safari Rally, iliyoanza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Hakuna picha za magari zinazopendwa kuliko hizi, na hakuna wataalamu walio wepesi kuliko wale wa mashindano haya. Waonyeshe mlango wenye namba, uchafu umelifunika gari lote, nao watakwambia mwaka, dereva na hatua aliyoishia. Watakueleza jinsi mwaka 1963 yalivyoanza magari 84 na kumaliza 7 tu, Nick Nowicki akishinda kwa Peugeot 404. Watakueleza jinsi Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyeanza kama fundi, alivyoshinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika na wengine, kisha akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer. Haya yote ni kweli na yanafaa kujulikana. Lakini tazama picha hizo kwa utulivu. Katika nyingi mno gari limezama matopeni hadi kwenye milango, na wanaolitoa ni wanakijiji: wanaume wamekunja suruali, wavulana wa shule miguu mitupu, mabega yamekaza. Bila wao hata yale 7 yangefika?

Mvulana aliyekuwa na umri wa miaka 15 Pasaka ile ya 1963 alizaliwa 1948. Leo amepita miaka 75. Yamkini yuko Molo, au Mbulu upande wa Tanzania, au viungani mwa Kampala, na hakuna aliyewahi kumwonyesha picha hiyo. Gari alilolisukuma limekwisha kutambuliwa mara mia. Yeye bado. Wala si suala la kungoja bajeti au tume: kila mwaka unaopita unapunguza idadi ya wanaoweza kusema, huyu wa kushoto ni mimi.

Na zipo picha ambazo kuzitazama kwa jicho la gari peke yake kunakaribia kuwa dhambi. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilianzisha Operesheni Anvil mjini Nairobi, na maelfu kwa maelfu ya watu wakakamatwa na kupelekwa vizuizini. Picha za siku hizo zina malori ya jeshi, na mbele ya malori watu wamechutama ardhini. Ikiwa mtu mzima ataitazama picha ya namna hiyo na neno la kwanza likawa ni aina ya lori, basi tumempoteza mahali fulani. Neno hilo laweza kuja, tena ni la manufaa, maana aina ya lori yaweza kusaidia kuonyesha ni kikosi gani kilikuwa pale. Lije la pili.

Tumesema haya kwa ukali kidogo kwa sababu tunaamini dawa ipo karibu. Mwalimu na mpenzi wa magari wanahitajiana. Mwalimu ana wanafunzi 50 darasani, na nyumbani kwa wengi wao iko bahasha, biskuti ya bati au sanduku chini ya kitanda lenye picha. Mpenzi wa magari ana jicho. Kinachokosekana ni kuwakutanisha, na hilo halihitaji waraka kutoka wizarani. Karibu kila mji una karakana yenye fundi mzee anayeyajua magari ya zamani kuliko kitabu chochote. Akialikwa shuleni kwa saa moja, atakuja. Apewe soda na kiti.

Tena gari lina faida ambayo walimu hawajaitumia. Mwendee mzee na umwombe akusimulie maisha chini ya ukoloni; atakutazama, atasema yalikuwa magumu, kisha atanyamaza. Mwonyeshe picha na umwulize: "Babu, lori hili lilikuwa la nani?" Hapo utaona. Atakwambia lilikuwa la Mhindi mmoja wa Sagana, kwamba yeye alikuwa taniboi wake, kwamba lilipakia mkaa na wakati mwingine watu, kwamba ili liwake asubuhi ilibidi azungushe hendeli na hendeli hiyo iliwahi kumvunja kifundo cha mkono. Kutoka hendeli atafika kwenye mshahara, kutoka mshahara kwenye kipande alichotakiwa kukibeba, na kutoka kipande kwenye usiku alioshushwa njiani na askari. Nyanya aliyeketi kando, ambaye hakuulizwa, atamsahihisha mwaka. Hayo ndiyo masimulizi ya historia ambayo vitabu vya kiada huyaeleza kwa aya mbili.

Mwalimu wa Kiswahili naye asijitenge. Boneti, madigadi, rejeta, klachi, giaboksi, hendeli, taniboi: maneno haya hayakubuniwa na kamati yoyote. Yaliingia lugha kupitia midomo ya mafundi na watingo waliokuwa na mafuta mikononi, nao waliyapa sauti za Kiswahili kabla ya mtaalamu yeyote kuketi kuyajadili. Picha moja ya karakana yatosha kwa insha na somo la msamiati kwa pamoja.

Mwanafunzi atakayeanza kazi hii ashike mambo machache. Picha halisi isitoke nyumbani kwa mwenyewe. Ipigwe nakala na irudishwe mahali pake siku ile ile. Isikatwe kingo. Mgongo wake upigwe nakala pia, maana huko ndiko kuliko na mwandiko. Majina ya watu yaulizwe kwanza, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha mahali, kisha tukio, na gari liwe la mwisho. Yaandikwe nyuma kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi. Kalamu ya wino hupenya na kuharibu uso wa picha. Na mzee akikataa picha yake isionyeshwe wengine, shauri lake liheshimiwe.

Wala mtu asidhani kwamba vitu vya thamani vimekwisha kukusanywa vyote katika Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka. Priya Ramrakha, mpiga picha Mkenya aliyeuawa Biafra mwaka 1968 akiwa kazini, aliacha picha za miaka ya kupigania uhuru ambazo kwa muda mrefu zilidhaniwa kuwa zimepotea. Zilipatikana takriban miaka 40 baadaye, katika gereji hapa Nairobi.

Kwa vyama vya wapenzi wa magari ya kale tuna ombi moja. Katika maonyesho yenu, mbele ya kila gari huwekwa kibao chenye jina la kiwanda, mwaka, ukubwa wa injini na jina la mwenye gari. Ongezeni mstari mmoja kwa ajili ya fundi aliyeliweka hai gari hilo miaka yote hiyo, na kando ya kibao mtundike picha ya zamani ya gari hilo ikiwa nzima, bila kukatwa, pamoja na penseli na karatasi tupu. Miongoni mwa watazamaji huenda akawamo mtu anayemjua yule aliyesimama pembeni.